Matairi ya tela safarini Tabora–Kigoma: dalili, chanzo na la kufanya

Dereva wa kichwa, yaani gari linalovuta tela, hahisi tairi la tela linapokufa. Tela la ekseli tatu lina matairi 12. Moja likiisha upepo, la pili la dabo, lililofungwa nalo ubavu kwa ubavu, linabeba mzigo wake, na gari linakwenda kama kawaida hadi moshi uonekane kwenye kioo. Hesabu yake ni fupi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 24 kwa ekseli tatu za dabo, yaani tani 2 kwa kila tairi. Tairi la 315/80R22.5 lenye alama 156/150 ubavuni limetengenezwa kubeba kilo 3,350 likiwa dabo na kilo 4,000 likiwa peke yake. La ndani likiisha upepo, la nje linabeba tani 4 papo hapo, na hapo limefika ukomo. Mzigo ukiwa umezidi kidogo, au umelalia upande huo, limeshavuka.

Ndiyo maana wenye magari wengi siku hizi wanafunga sensa za kupima upepo na joto kwenye valvu, na skrini kwenye kebini. Tatizo ni kwamba skrini inatoa namba, haitoi sababu. Kengele ikilia, usianze na namba. Anza na mahali. Ni tairi moja? Ni matairi mawili ya upande mmoja wa ekseli moja? Ni upande mzima? Ni tela zima? Jibu la swali hilo linakata zaidi ya nusu ya kazi ya kutafuta chanzo.

Namba ya asubuhi

Kila kipimo cha njiani kinalinganishwa na kipimo cha tairi likiwa baridi: gari limelala angalau saa tatu na jua halijalipiga. Tuseme umejaza psi 110 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) alfajiri mjini Tabora, nyuzi 20. Kila upepo wa ndani unapopanda nyuzi 10, geji inapanda psi 4 hivi. Tairi likichemka kazini hadi nyuzi 55, skrini itasoma 124 hivi. Hiyo ni afya, si ugonjwa.

Usitoe upepo kwenye tairi la moto. Ukifika Urambo ukaona 124, ukatoa hadi 110 ili "kulipumzisha", kesho asubuhi utalikuta na 97 hivi. Tairi lenye upepo pungufu linapinda zaidi kila linapozunguka, kupinda kunazaa joto, na joto ndilo linalopasua. Umelitibu kwa sumu.

Mwinuko nao unachezea geji, ila kidogo. Gari lililojazwa Dar es Salaam likipanda Tabora, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, geji inaongezeka karibu psi 2 bila mtu kuongeza upepo. Kutoka Tabora kushuka hadi ziwani Kigoma tofauti haifiki psi 1. Yote mawili yasikusumbue. Kinachosumbua kweli ni geji za mafundi pancha, ambazo zinaweza kupishana psi 5 hata 10. Nunua geji yako, itunze isianguke, tumia hiyohiyo kila asubuhi.

Kengele nazo zipangwe na mtu, zisiachwe kama zilivyotoka kwenye boksi. Seti nyingine huja zimepangiwa magari madogo. Kwa psi 110 za baridi, onyo la kwanza liwe 95 na la pili 88, yaani asilimia 20 pungufu. Onyo la joto likiwa nyuzi 70 linatosha kwa kuanzia. Kumbuka sensa ya kufunga nje ya valvu inapigwa na hewa, kwa hiyo inasoma joto dogo kuliko lililomo ndani ya tairi. Nyuzi 60 kwenye skrini si nyuzi 60 za mpira. Linganisha tairi na jirani yake, usilinganishe na kitabu.

Tairi moja linashuka polepole, au halipandi

Hii ndiyo dalili inayowapita wengi, kwa sababu gari likiwa mwendoni uvujaji unajificha. Umeondoka na 110 kote. Baada ya saa moja na nusu matairi kumi na moja yanasoma 121 hadi 124, moja linasoma 111. Kengele iko kimya, maana 111 iko juu ya 95. Lakini tairi hilo limepoteza zaidi ya psi 10. Joto limelijaza pengo lake. Jioni likipoa ndipo litakapokuonyesha 98. Kwa hiyo saa ya kwanza ya safari tafuta tairi lisilopanda na wenzake, si tairi lililoshuka.

Chanzo, kwa mpangilio tunaoushauri kukikagua:

Anza na sensa yenyewe. Ikifungwa inasukuma pini ya valvu na kuiacha wazi muda wote. Kinachozuia upepo ni kimpira kidogo ndani ya sensa. Kikikauka au sensa ikilegea, kifaa cha kulinda tairi ndicho kinacholimaliza. Paka povu la sabuni kuizunguka. Ukiona mapovu, ifungue, paka sabuni tena mdomoni mwa valvu. Ikitulia, kosa ni la sensa. Funga kofia ya chuma yenye mpira na uendelee bila sensa hiyo.

Kisha valvu ndefu ya tairi la ndani. Ile paipu laini inayotolewa nje ili kufikia valvu ya ndani inagongagonga rimu kila barabara inapochafuka. Kama haijabanwa kwa kishikio, inalika kwenye kiungo. Usitundike sensa nzito kwenye paipu laini isiyobanwa. Utakuwa umeitafutia kuvunjika.

Halafu kashata, sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Zungusha tairi zima ukitafuta msumari, kipande cha waya, jiwe lililochoma. Kati ya matairi ya dabo chungulia kwa tochi: penye changarawe jiwe hunasa hapo na kuchubua mbavu zote mbili. Lipige litoke kwa nyundo gari likiwa limesimama na limewekewa choki za kuzuia magurudumu, si kwa kurudi nyuma na kwenda mbele ukiomba lidondoke.

Mwisho, ukingo wa tairi kwenye rimu. Tela la ekseli tatu likikatishwa kona kali kwenye yadi nyembamba, matairi ya ekseli ya mbele na ya nyuma yanaburutwa kando. Ukingo unavutwa, kutu ya rimu inaachia, upepo unapita. Kama uvujaji ulianza baada ya kugeuza gari kwenye ghala la tumbaku au kwenye duka la jumla, tazama hapo. Hapa fundi lazima avue tairi, asugue kutu na akague rimu kama ina ufa.

Tairi moja limeanguka ghafla

Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani, acha gari lipungue lenyewe, kisha breki laini na utoke pembeni. Breki ya nguvu tela likiwa na upande mmoja dhaifu inaweza kulitupa. Usitafute kituo kilicho kilomita 10 mbele. Tairi la ndani lililolala linasagana na la nje, na msuguano huo huwasha moto unaomaliza tela lote.

Sasa sehemu inayoua watu. Tairi lililotembea likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake, kwa mfano wetu chini ya 88, lihesabu kuwa limekufa hadi livuliwe na kukaguliwa ndani. Waya za chuma za ubavuni zimepindwa kupita kiasi na baadhi zimekatika. Kwa nje huoni kitu. Ukilijaza tena, waya zilizobaki zinakatika moja baada ya nyingine na ubavu unafunguka kama zipu, kwa nguvu ya kumrusha mtu mzima. Mara nyingi hupasuka wakati linajazwa au muda mfupi baadaye, na aliyechuchumaa mbele yake akiwa na geji ni utingo. Kwa hiyo: toa tairi hilo, funga la spea, na lile la zamani lijazwe gereji ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kinasio cha kujishikiza, mjazaji akiwa mita 3 pembeni, kamwe si mbele ya ubavu. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, usikaribie kutoa upepo. Kata kompresa ukiwa mbali.

Tairi lililobaki la dabo nalo likaguliwe. Limebeba mzigo wa wawili kwa kilomita usizozijua.

Matairi mawili ya upande mmoja yamepanda pamoja

La nje na la ndani la gurudumu moja yote yanasoma joto juu, na upepo umepanda psi 10 zaidi ya wengine. Tairi halina kosa. Joto linatoka kwenye dramu (ngoma ya breki) au kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na linapita kwenye rimu. Simama uchunguze kwa pua na mkono kabla ya spana.

Breki inayong'ang'ania inanuka lainingi ya breki iliyoungua, na joto kubwa liko kwenye dramu. Beringi inayokufa ina joto kali katikati, kwenye kofia ya habu, mara nyingi na grisi iliyoyeyuka ikichirizika kwenye rimu. Karibisha mgongo wa mkono bila kugusa, au tumia bunduki ya kupima joto, inayofaa kukaa kwenye kila gari. Pima dramu zote sita mfululizo. Dramu moja ikiwa na nyuzi 80 zaidi ya wenzake, umeshampata mgonjwa.

Ili kutofautisha kwa hakika, weka choki kwenye magurudumu mengine, achia breki ya tela, inua gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Likizunguka kwa uzito likikwaruza, tazama slaki (mkono wa kurekebisha breki) iliyobanwa mno, springi ya kurudisha viatu vya breki iliyokatika, kemu (shafti inayotanua viatu) iliyokauka grisi, au busta (chemba ya upepo inayosukuma breki) ambalo springi yake imevunjika. Likizunguka huru lakini linacheza ukilitikisa juu na chini, au linanguruma, ni beringi. Beringi iliyochemka haitibiwi kwa kuongezewa grisi njiani. Gurudumu linaweza kuchomoka na habu yake.

Usimwagie maji dramu ya moto. Chuma kinapasuka. Na usivute breki ya mkono juu ya dramu zinazochemka. Shikilia gari kwa choki.

Pande zote mbili za ekseli moja zikichemka, shuku valvu ya breki ya ekseli hiyo, au mzigo umelalia hapo kwa sababu springi imekaa au bushi za mizani ya springi zimekwama. Dramu zote sita za tela zikichemka pamoja, tazama upepo wa breki. Busta za springi zinaanza kujifunga zenyewe upepo unaposhuka kuelekea psi 60. Hozi inayovuja kati ya kichwa na tela inatosha kufanya tela litembee limefungwa nusu. Sababu nyingine ni dereva anayeshuka miteremko ya Kasulu au Manyovu kwa kuvuta breki ya tela peke yake. Gia ya chini ipo kwa kazi hiyo. Baada ya mteremko mrefu joto la pamoja ni kawaida, mradi lipungue ndani ya kilomita 15 au 20 za tambarare.

Upande mmoja wote una joto zaidi

Ukitoka Tabora kwenda Kigoma unaelekea magharibi. Mwezi Juni jua liko kaskazini, linapiga matairi ya kulia. Desemba liko kusini, linapiga ya kushoto. Tofauti ya psi 2 hadi 4 kati ya pande ni jua tu. Kama tofauti inabaki usiku, au iko upande wa kivuli, basi mzigo umeegemea huko. Magunia yaliyopangwa vibaya, marobota ya tumbaku yaliyohama, au springi ya upande huo imechoka.

Yote yamepanda kupita kiasi

Tela zima likivuka asilimia 20 juu ya kipimo cha baridi, kwa mfano wetu zaidi ya psi 132, sababu ni tatu na mara nyingi zinakuja pamoja: mzigo umezidi, upepo wa asubuhi ulikuwa pungufu, au mwendo ni mkali. Magari makubwa yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na mchana wa Oktoba lami ya Tabora ikiwaka, hata 65 si aibu. Simama kivulini dakika 30 hadi 45. Upepo usiguswe.

Skrini inadanganya au imenyamaza

Sensa moja ikipotea, ni betri ya kitufe au jiwe limeivunja. Soma namba ya betri mgongoni, nyingi ni CR1632 au CR2032, na beba mbili za akiba. Sensa zote za tela zikipotea kwa pamoja, usianze kubadilisha betri kumi na mbili. Tela ni refu na chuma kinazuia mawimbi, kwa hiyo seti za malori huwa na kifaa cha kupokezana mawimbi kinachofungwa kwenye tela. Kimekosa umeme. Angalia plagi ya taa kati ya kichwa na tela. Na kama kinafanya kazi usiku tu, fundi umeme amekiunga kwenye waya wa taa ndogo; kihamishwe kwenye waya wenye umeme muda wote.

Kosa baya zaidi halionekani kwenye skrini kabisa: matairi yamezungushwa nafasi, sensa zimefuata matairi yao, na hakuna aliyezipanga upya. Kengele inalia "ekseli ya pili kushoto ndani", unakagua tairi zima kabisa, na bovu liko upande wa pili likichemka. Baada ya kila kazi ya tairi, legeza sensa moja moja hadi skrini ionyeshe inashuka wapi. Dakika 15 zinatosha.

Kelele, mtikisiko, tela kwenda upande

Mdundo unaoongezeka kasi pamoja na gari ni tairi lililovimba kwa sababu matabaka yake yameachana, au lililolika sehemu moja kwa kuburutwa breki zikiwa zimefunga. Uvimbe hausubiri, toa tairi. Tela linalofuata kichwa kwa ubavu, ukiona upande wake mmoja zaidi kwenye kioo barabara ikiwa imenyooka, lina ekseli iliyohama: bolti ya katikati ya springi imekatika, au U-bolti zimelegea. Tairi litalika kashata kwa mtindo wa meno, ukipapasa upande mmoja linakwaruza na upande mwingine linateleza. Kulika pembeni zote mbili ni upepo pungufu, katikati ni upepo mwingi, pembe moja tu ni ekseli iliyopinda kwa mzigo.

Bila sensa

Kituo cha kwanza kiwe kilomita 30 hadi 40 baada ya kupakia, hapo ndipo kosa la kufunga au kujaza linajitokeza. Baada yake kila saa mbili. Kutoka Tabora, Urambo iko karibu kilomita 90 upande wa Kigoma, na kwa anayekwenda upande wa Nzega, Puge iko karibu nusu ya njia, zote zinafaa. Zunguka tela lote kwa mpangilio uleule kila mara, mgongo wa mkono ukikaribia kila tairi na kila habu. Nyundo ya kugonga inajua tairi lililolala na lililo hai. Haijui 80 na 105, na anayekuambia anazitofautisha kwa mlio anakufurahisha tu.

Ukibadilisha tairi pembeni ya barabara, weka triango mbele na nyuma, choki pande zote, na ubao mgumu chini ya jeki kwenye ardhi ya mchanga. Matawi yanayowekwa barabarani yaondolewe mnapoondoka. Usiku yanaua mwingine. Nati za stadi (bolti za gurudumu) za M22 zinataka nguvu ya kukaza ya Nm 600 hadi 700, zikikazwa kwa mtindo wa msalaba, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Mistari ya kutu inayotoka chini ya nati inamaanisha imelegea. Matairi ya dabo yasipishane kipenyo zaidi ya milimita 6 wala upepo zaidi ya psi 5, la sivyo moja linabeba na jingine linaburutwa.

Tela dogo la pikapu

Hapa hakuna dabo, hivyo tairi likipasuka tela linayumba mara moja na linaweza kupinduka na pikapu yake. Mengi yanakaa miezi bila kutembea, na matairi yanakufa kwa umri yakiwa na kashata nzuri. Soma namba nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakipita miaka saba, au yakiwa na nyufa ndogondogo, usiende nayo Kasulu. Jaza psi zilizoandikwa kwa mzigo kamili kwenye tairi la tela lenyewe, si zile za pikapu, na hakikisha rimu ya spea ina matundu ya bolti yanayolingana na habu zake.

Tela la kubebea boti lina ugonjwa wake. Ukifika Kigoma na kulirudisha moja kwa moja ziwani habu zikiwa moto, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja na kuvuta maji kupitia oili sili, mpira unaozuia grisi isitoke. Beringi inaanza kuota kutu, na itachemka safari ya kurudi. Subiri nusu saa, au hadi habu ziguswe bila kuunguza, ndipo ulitumbukize. Kabla ya kuondoka fungua kofia moja ya habu utazame grisi: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na beringi zote mbili za upande huo zioshwe na kujazwa grisi mpya hapohapo.